Ng'ombe, Mahari na Mateka: Vita na Suluhu katika Nchi ya Nyasa (Makala ya Pili)

Katika makala ya kwanza tuliweka msingi wa uchunguzi huu, tukasema ya kwamba vita na suluhu zake havitafahamika barabara mpaka mtu aulize, katika kila hatua ya habari, wanaume walikuwa wapi na wanawake walikuwa wapi, nani aliyetumwa na nani aliyelipa. Huenda msomaji wa Ipinda, wilayani Kyela, akauliza jambo hilo linamhusu nini yeye, ambaye vita huvisikia katika redio tu, vikitokea Kongo au Sudani, ilhali huku kwake shughuli ni mpunga na kakao. Lakini nchi hii iliyo baina ya mto Songwe na milima ya Ukinga iliona vita vya namna tatu katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja, na mtu huyo, kama alikuwa mwanamke, aliviona kwa sura ambayo makapteni hawakuiandika katika taarikh zao. Kwa hiyo tutaanza papa hapa nyumbani, kisha ndipo twende Arusha.

Namna ya kwanza ni vita vya zamani baina ya himaya ndogo ndogo za Wanyakyusa, ambazo kila moja ilikuwa na Malafyale wake, yaani chifu. Monica Wilson, aliyefanya uchunguzi Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey baina ya 1934 na 1938, na ambaye kitabu chake cha 1951, Good Company, kimehifadhi mengi ambayo wazee wetu wamekwisha kwenda nayo kaburini, ameeleza jinsi mvulana alivyotoka nyumbani kwa baba yake alipofikia umri wa miaka kumi hivi, akaenda kulala katika vibanda walivyojijengea wavulana wa rika lake, na kijiji hicho cha rika kikakua pamoja nao hata wakaoa na kuzeeka humo humo. Walichunga ng'ombe wa baba zao, wakala kwa mama zao, wakienda kundi zima leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule; na vijana hao hao, waliolelewa katika udugu wa rika na katika kuoneana haya, ndio waliokuwa jeshi la Malafyale ilipotokea haja ya jeshi.

Sasa na tutazame jambo ambalo msimulizi wa vita aghalabu hulipita mbio. Ng'ombe walikuwa mikononi mwa wazee, na bila ng'ombe hapakuwa na mahari, na bila mahari hapakuwa na mke, na asiye na mke hakuhesabiwa kuwa mtu mzima, kwa sababu hakuwa na jiko la kukaribishia wageni wala mtu wa kumpandia na kumvunia. Wasichana walichumbiwa kabla ya kubaleghe, na wazee wenye mali waliweza kuoa wake wengi, hata ikawa kijana mwenye nguvu zake zote hukaa kapera miaka mingi akimngoja baba yake, au kaka yake, atoe ng'ombe. Maadamu mambo yalikuwa hivyo, tunaposikia kwamba vita vya siku zile vilikuwa, kwa sehemu kubwa, vya kunyang'anyana mifugo, tusidhani ya kwamba ng'ombe alitamaniwa kwa maziwa yake peke yake. Ng'ombe aliyetekwa alikuwa mke aliyekaribia. Vijana walikwenda vitani wakiwa na hoja yao wenyewe, ambayo haikuwa ile ya Malafyale, na dada zao waliokuwa nyumbani ndio waliokuwa thamani ya hoja hiyo, ingawa hakuna aliyewauliza neno.

Nimelikalia jambo hili kwa kusudi, kwa sababu wako watu wanaodhani ya kuwa kuchungua vita kwa upande wa jinsia maana yake ni kuwahurumia wanawake tu. Sivyo. Ni kumtazama mwanamume pia kwa uanaume wake, na kuuliza ni desturi gani iliyomfanya kijana aone kwamba njia ya kuheshimiwa kwake inapita katika ncha ya mkuki. Utawala wa kikoloni ulipozuia kutekana mifugo, vijana wa Unyakyusa hawakuacha kutafuta mahari, bali waliitafuta katika dhahabu ya Lupa, katika shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na katika migodi ya Afrika Kusini. Na hilo lenyewe ni ushahidi kwamba kiu ilikuwa ya mahari kuliko ya damu. Mtu anayetaka kuwanyang'anya bunduki vijana wa mashariki ya Kongo, ambako askari wetu walikwenda mwaka 2013 katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoongozwa kwanza na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, sharti aulize vile vile kijana huyo akiisalimisha silaha atapata wapi shamba, na atapata wapi mke, na nani atamwita mtu mzima.

Namna ya pili ya vita ilitoka ng'ambo ya Songwe, na ni haki tuikiri kwa kuwa iliongozwa na watu waliosema lugha hii hii ninayoandikia. Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa mwenye asili ya pwani, aliyejenga boma lake karibu na Karonga, aliwashambulia Wangonde, ambao ni ndugu wa Wanyakyusa kwa nasaba na kwa lugha, na mwezi wa Oktoba 1887 wengi wao wakauawa katika mabwawa ya Kambwe. Kampuni ya Waskoti iliyofanya biashara huko ikaingia vitani naye, Kapteni Lugard aliyewaongoza watu wake akajeruhiwa mwaka 1888 katika kulishambulia boma, mkataba ukafanywa mwaka 1889 nao haukudumu, hata Harry Johnston, kamishna wa Waingereza, akalivunja boma hilo mwezi wa Desemba 1895, na Mlozi akanyongwa. Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema. Lakini ndani ya boma lile mlikuwa na mamia ya mateka, na katika biashara ya bara wanawake na watoto ndio waliotakiwa zaidi, kwa kuwa mwanamke hulima, huzaa, na akiwa ugenini hana ndugu wa kumkimbilia wala wa kumdai.

Tunabahatika kuwa sauti ya mmoja wa wanawake wa zama zile haikupotea. Bibi Elise Kootz-Kretschmer, wa misheni ya Moravian, aliandika masimulizi ya wanawake kadhaa wa nchi iliyo baina ya Nyasa na Tanganyika, na mwanahistoria Marcia Wright akayachambua katika kitabu chake cha 1993. Mmoja wao, Narwimba, alipofiwa na mume, alikwenda mwenyewe kwa mpwa wa marehemu akamwomba amwoe, asiwe mjane asiye na wa kumlinda yeye na watoto wake katika nchi iliyojaa wateka watu. Mtu wa leo anaweza kuiona habari hiyo kuwa ni unyonge. Mimi naiona kuwa ni siasa, tena siasa ya akili kubwa, ya mtu ambaye hakuwa na jeshi wala ng'ombe, na aliyejua kwamba ulinzi wote wa zama zake ulipitia kwa mwanamume, kwa hiyo akamchagua mwanamume mapema kabla hajachaguliwa na mtekaji.

Masimulizi hayo yanatufunza jingine lililo chungu zaidi, nalo ni kwamba katika nchi hizi, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, mtu aliweza kutolewa kuwa rehani au fidia ili ugomvi wa wengine ukome. Wakubwa walikaa, wakasemezana, wakakubaliana, na mabishano yakaisha. Kisha msichana mmoja akashikwa mkono akapelekwa kwa upande wa pili, naye hakuwa ameua wala hakuwa ameiba. Kwa wale waliokaa barazani, siku ile ilikuwa siku ya amani. Kwa msichana yule ilikuwa siku ya kutekwa, hapana tofauti na ile ambayo wenziwe walichukuliwa na watu wa Mlozi, ila hii ilikuwa na baraka za wazee. Ndiyo maana nashikilia kwamba kila suluhu ipimwe kwa hesabu ya waliolipishwa, na kwamba mapatano yanayolipwa kwa mtu asiyekuwapo kwenye mapatano hayajamaliza vita, yamevihamisha tu.

Vita vya tatu, vile Vikuu vya 1914 hadi 1918, nitavitaja kwa ufupi. Wadachi waliishambulia Karonga tarehe 9 Septemba 1914 wakashindwa, na majeshi ya Jenerali Northey wa Uingereza yakavuka mpaka mwezi wa Mei 1916 yakaitwaa Neu Langenburg, yaani Tukuyu. Wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi, tengatenga kama walivyoitwa, na nafaka ikatwaliwa kwa ajili ya majeshi, na mashamba yakabaki kwa wanawake waliopaswa kulisha aila zao kwa kilichosalia. Mamia ya wanawake walifuatana na safu ya jemadari wa Wadachi, von Lettow-Vorbeck, wake wa askari na wengineo, wakibeba mizigo na watoto, wakipika, wakizaa njiani. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawakumbuka askari na wapagazi, na ni vema, lakini mwanamke hatajwi.

Twende sasa Arusha, mji ambao katika miaka ya tisini ulikuwa kama baraza la eneo zima la Maziwa Makuu. Hapo ndipo ilipowekwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, na ndipo aliposhtakiwa Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Katika hati ya mashtaka ya awali hapakuwa na neno hata moja juu ya kubakwa kwa wanawake. Shahidi mmoja, akieleza mambo mengine, akalitaja jambo hilo. Majaji, ambao miongoni mwao alikuwamo mwanamke mmoja tu, Navanethem Pillay, wakauliza zaidi. Hati ikarekebishwa mwaka 1997. Na tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ikahukumu, kwa mara ya kwanza katika taarikh ya sheria za mataifa, kwamba kubaka kwaweza kuwa ni tendo la mauaji ya halaiki. Fikiri, msomaji: dhuluma ile ilikuwa imetendwa hadharani, katika uwanja wa ofisi ya serikali, na bado ingaliweza kupita bila kuandikwa, kama asingalikuwapo shahidi wa kusema na jaji wa kuuliza.

Katika mji huo huo, Mwalimu Nyerere alianza mwaka 1998 kuwasuluhisha Warundi, na alipofariki Oktoba 1999 kazi ikapokewa na Mzee Mandela. Wanawake wa Burundi walikuja kubisha hodi, wakajibiwa kwamba wao si upande katika ugomvi. Baadaye wachache wakakubaliwa kuwa watazamaji. Mwezi wa Julai 2000 ukafanywa mkutano wa wanawake wa vyama vyote 19 vilivyokuwa katika mazungumzo, Wahutu na Watutsi wakiketi pamoja, nao wakamkabidhi Mandela mapendekezo yao, na mengi yakaingia katika mkataba uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Walitaka asilimia 30 ya viti, na mkataba haukuwapa. Lakini katiba ya 2005 iliwapa kiasi hicho. Walitaka haki ya kurithi ardhi, na hapo mlango ulifungwa kwa nguvu, kwa sababu sheria ya mirathi haikupitishwa hata baada ya miaka mingi, ingawa wajane wengi walirudi kutoka kambi za Kigoma wakakuta mashemeji zao wamekalia mashamba. Viti vilikuwa rahisi kutolewa kuliko ardhi, nami naamini kwamba hapo ndipo penye kipimo cha kweli.

Wala asiniambie mtu ya kuwa mwanamke akiwekwa palipo na mamlaka amani hufuata yenyewe. Pauline Nyiramasuhuko alikuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake wa Rwanda, na tarehe 24 Juni 2011 mahakama ile ile ya Arusha ilimhukumu kwa mauaji ya halaiki na kwa ubakaji uliotendwa na watu waliokuwa chini ya amri yake. Wanawake si malaika, nao hawadai haki ya kusikilizwa kwa malipo ya wema. Wanaidai kwa kuwa vita vinatendeka juu ya miili yao, mashamba yao na watoto wao, na kwa kuwa wanayajua yale ambayo aliye barazani hayajui.

Hayo yanaturudisha nyumbani, kwenye Ziwa Nyasa. Mkataba wa Waingereza na Wadachi wa tarehe 1 Julai 1890 uliuweka mpaka katika ukingo wa mashariki wa ziwa, na hoja ya Malawi inasimama hapo. Sisi Watanzania twasema mpaka u katikati ya maji. Ugomvi huo, uliovuma mwaka 1967, ulivuma tena mwaka 2012 kwa sababu ya leseni ya kutafuta mafuta, na Malawi wakati huo ilikuwa chini ya rais mwanamke, Bibi Joyce Banda. Shauri likapelekwa kwa marais wastaafu Chissano, Mbeki na Mogae, watu wenye heshima kubwa, na pande zote mbili zikapeleka ramani na wanasheria. Sikuona popote ya kwamba aliitwa mwanamke anayenunua dagaa mwaloni Matema, akawaanika na kuwapeleka soko la Ipinda, au mwenye vyungu vya Kikisi anayesafiri kwa mtumbwi kutoka Ikombe, au yule anayevuka Kasumulu na gunia la mchele. Watu hao ndio wa kwanza kulala njaa doria zikizidi majini, na ndio wenye jamaa, wadeni na wateja katika fukwe zote mbili. Mazungumzo yakifunguliwa tena, wilaya ya Kyela na wilaya ya Karonga zina haki ya kupeleka wajumbe, na ni juu ya mabaraza ya kata kuanza sasa kuwachagua, nusu yao wakiwa wanawake wa mwaloni, na kuandika kwa mkono wao wenyewe ni maji gani wanayoyavua, ni soko gani wanalolitegemea, na ni hasara gani waliyoipata mwaka ule wa 2012.