"Umetoka Wapi?"

Nimeonelea niwaeleze jinsi Korona inavyotambuliwa kwa msafiri, maana sisi wa Kitengela tunakaa kando ya barabara ya Namanga na malori yatokayo Tanzania hupita hapa usiku na mchana.

Homa, kikohozi kikavu, uchovu: ni nani kati yetu hajapata hayo akaambiwa ni malaria tu? Dalili peke yake hazitoshi. Ndiyo maana mwaka 2020 daktari aliuliza, "Umetoka wapi siku hizi 14?" Mgonjwa wa kwanza wa Kenya, aliyetangazwa tarehe 13 Machi 2020, alikuwa amewasili tarehe 5 kutoka Marekani kupitia London, na alikuwa akikaa Rongai, katika kaunti yetu hii ya Kajiado! Basi anayeficha safari humfunga daktari macho.

Uthibitisho hutoka maabara. Kijiti chenye pamba huingizwa puani hadi nyuma kabisa (jamani, machozi hutoka), kisha kipimo cha PCR hutafuta chembe za urithi za virusi. Mei 2020 madereva wa malori walianza kutakiwa kupimwa mpakani Namanga.

Na ugonjwa mkali je? Hapo tazameni pumzi. Mtu mzima akipumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au kile kifaa cha kubana kidoleni kikionyesha oksijeni chini ya asilimia 90, msimpe chai ya tangawizi mkangojea asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, na mumwambie muuguzi alikotoka.