Jicho Hupimwa Kwanza, Dawa Baadaye

Vijiwe vilianza kuonekana kwenye wali wa shangazi alipofikisha miaka 47. Mtaani kwake Tanga hakuna aliyemshinda kuchambua mchele. Akishapepeta, aliutandaza kwenye ungo, akaupitia kwa ncha ya kidole, na hakikubaki kijiwe wala chuya. Sasa mgeni akawa anatafuna, kach!, anatema pembeni na kujifanya hakuna kilichotokea.

Nilipokwenda kumsalimia nilimkuta kibarazani, ungo ameusogeza hadi magotini, shingo ameirudisha nyuma, uso ameukunja kama mtu anayetazama jua.

“Macho yameingia ukungu, mwanangu,” aliniambia. “Lakini natumia dawa.”

Akafungua fundo la kanga, akatoa kichupa cha matone. Hiyo ilikuwa wiki ya sita akijitilia asubuhi na usiku. Kwenye lebo nilisoma dawa mbili zilizochanganywa: antibayotiki, na deksamethasoni, ambayo ni ya jamii ya steroidi. Muuzaji hakumuuliza anasumbuliwa na nini, wala hakumtazama jicho. Aliombwa dawa ya macho, akatoa dawa ya macho.

Ndivyo wengi wetu tunavyoyatunza macho: tunanunua kwanza, tunapimwa baadaye, na wengine hatupimwi kabisa. Utaratibu huo ndio tunaopaswa kuugeuza.

Lenzi inapokakamaa

Nyuma ya mboni kuna lenzi inayozungukwa na msuli. Ukitazama mbali, lenzi hukaa bapa. Ukitazama karibu, msuli hukaza na lenzi hutuna, ili mwanga ukusanyike sawasawa kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Utotoni lenzi ni laini kama ugali uliotoka motoni. Miaka inavyokwenda hukakamaa kama kiporo, na mtu akivuka miaka 40 msuli unakaza lakini lenzi haituni vya kutosha. Hapo ndipo simu husogezwa mbali ili ujumbe usomeke, uzi hukataa kupita kwenye tundu la sindano, na kijiwe hufanana na punje ya mchele.

Hayo ni mabadiliko ya umri, na hakuna tone linaloilainisha tena lenzi. Karoti humfaa aliyepungukiwa vitamini A, lakini nayo haiwezi kazi hiyo. Dawa ni miwani ya kusomea, ile yenye namba kuanzia +1.00 na kupanda kadiri umri unavyosogea.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu uwezo wa kuona, lilikadiria kuwa watu milioni 826 walikuwa na tatizo hili bila kupata msaada. Hasara yake huonekana kazini. Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kusomea waliwapita kwa tija wenzao wasiopewa kwa karibu asilimia 22. Mchuma chai wa Mufindi au Kericho ana macho yaleyale, na fundi cherehani wa Kariakoo pia.

Wapo wanaoikwepa miwani wakiamini kuwa inalemaza macho. Si kweli. Lenzi itaendelea kukakamaa uvae usivae. Miwani inakupa tu nguvu ambayo lenzi imepoteza. Miwani iliyo tayari, inayouzwa dukani, inaweza kumtosha mtu ambaye macho yake mawili yana nguvu sawa. Ikikuumiza kichwa, au jicho moja likiona vizuri kuliko lingine, unahitaji miwani ya kupimiwa. Na usiendeshe gari ukiwa umevaa miwani ya kusomea, kwa sababu hufifisha vitu vya mbali.

Jaribio la kitundu

Kuna kipimo kidogo unachoweza kujifanyia nyumbani. Chukua kipande cha boksi la dawa ya meno, ukitoboe kwa pini. Simama hatua chache kutoka kwenye kalenda ya ukutani, mahali ambapo tarakimu zinaanza kukupotea. Ziba jicho moja kwa kiganja, kisha tazama kwa lingine kupitia kitundu hicho. Rudia kwa jicho la pili.

Tarakimu zikijitokeza vizuri zaidi, huenda tatizo lako linarekebishika kwa miwani. Kitundu huzuia miale inayotawanyika na kuruhusu michache iliyonyooka, hivyo hufanya kwa muda kazi ambayo ingefanywa na lenzi. Zikibaki na ukungu uleule, huenda kuna jambo lingine: mtoto wa jicho, yaani lenzi iliyopoteza uangavu wake, au maradhi ya retina. Kwa vyovyote vile nenda ukapimwe, maana kitundu hakiwezi kuonyesha magonjwa yote.

Kichupa cha matone

Turudi kwenye fundo la kanga. Steroidi ni dawa nzuri mikononi mwa daktari wa macho, kwa mfano baada ya upasuaji. Ikitumiwa wiki nyingi bila kusimamiwa, inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Ikitiwa kwenye kidonda cha konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kilichosababishwa na fangasi au virusi vya malengelenge, hupunguza wekundu huku kidonda kikizidi kuchimba. Mgonjwa anadhani anapona, kumbe jicho linakwenda.

Januari 2024 macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam, na baadaye Mombasa, watu wengi walikimbilia chochote kilichosifiwa na jirani. Ugonjwa ule uliletwa na virusi. Kwa kawaida aina hiyo hupoa yenyewe kwa wiki moja au mbili, na antibayotiki haiui virusi. Kinachosaidia ni kunawa mikono kwa sabuni, kila mtu kutumia taulo na mto wake, na kupoza macho kwa kitambaa safi chenye maji ya baridi. Maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani na asali ya jikoni havina nafasi kwenye jicho. Utafiti wa wagonjwa wenye vidonda vya konea nchini Tanzania, uliochapishwa mwaka 1994, ulikuta kuwa takriban robo yao walikuwa wametumia dawa za kienyeji.

Ukiandikiwa matone na daktari, nawa mikono kwanza. Vuta kope ya chini ipate kifuko, dondoshea tone moja bila ncha ya kichupa kugusa jicho, kisha fumba na ubonyeze kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Tone moja linatosha, kwa sababu jicho halina nafasi ya la pili, litamwagikia shavuni. Kama una dawa mbili, ziachanishe kwa dakika tano. Andika kwenye kichupa tarehe uliyokifungua: vingi hutupwa baada ya wiki nne hata kama dawa imebaki. Na kichupa ni cha mtu mmoja, si cha familia.

Vinavyouzwa kwa wenye simu na kompyuta

Miwani ya kuzuia mwanga wa buluu inauzwa kila kona. Mwaka 2023 taasisi ya Cochrane ilichambua tafiti 17 na haikupata ushahidi kwamba miwani hiyo inapunguza uchovu wa macho ndani ya muda mfupi wa matumizi. Macho huchoka kwa sababu tukikodolea skrini tunasahau kupepesa, nayo hukauka. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, na upepese macho. Ushauri huo ni bure. Matone ya kuyafanya macho yawe meupe nayo ni ya kuepukwa: hubana mishipa ya damu kwa saa chache, kisha wekundu unaweza kurudi kwa nguvu zaidi.

Yasiyongoja kesho

Maumivu makali ya jicho, kuona kupotea ghafla, mwanga kama radi pembeni, doa jeupe kwenye mboni ya mtoto: haya yote ni ya hospitali siku hiyohiyo. Chokaa au asidi ya betri ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka, si chini ya dakika 15, kisha ndipo utafute usafiri.

Ugonjwa unaonitisha zaidi hauna maumivu. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huua taratibu mshipa wa fahamu wa jicho ukianzia na uoni wa pembeni. Kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matibabu. Utafiti uliofanyika Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta ugonjwa huu kwa watu 4 hivi katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi. Huweza kurithiwa katika ukoo, kwa hiyo aliye na mzazi au ndugu mwenye glakoma asingoje dalili.

Babu yangu, baba yake shangazi, alikufa haoni. Alianza kujigonga kwenye miimo ya milango, kisha akawa anashikwa mkono kwenda msikitini, nasi tukasema ni uzee. Hakuna aliyempeleka kupimwa. Kwa hiyo nilipomsindikiza shangazi kliniki ya macho niliomba apimwe yote: usomaji, lenzi, mshipa na presha. Presha ilikuwa imepanda kidogo. Daktari akamwachisha matone yale, na aliporudi baada ya wiki chache ilikuwa imeshuka. Kwa usomaji alihitaji miwani ya +1.50.

Siku ya kwanza kuivaa aliuvuta ungo karibu na kifua, akanyamaza muda mrefu. Kisha akaokota kijiwe, akaniwekea kiganjani. Kila mwaka sasa anarudi kupimwa presha, na mimi hupimwa siku hiyohiyo pamoja naye.