Uvimbe wa ubongo: Je, mimea ina jibu?

Mmea mdogo wenye asili ya Madagaska, ambao maua yake meupe na ya waridi hupamba bustani nyingi katika nchi za joto, umetoa mojawapo ya dawa zinazotumiwa hospitalini dhidi ya uvimbe wa ubongo.

Dawa hiyo, vinkristini, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1963. Hata hivyo, zaidi ya miaka 60 baadaye, wataalamu wangali wanajadiliana iwapo inafika ubongoni kwa kiasi cha kutosha.

Mjadala huo unaeleza kwa nini habari za majani, mizizi na utomvu unaoua seli za saratani katika maabara ni nyingi, ilhali dawa zilizothibitishwa kwa wagonjwa ni chache mno.

Ukuta unaolinda ubongo

Mishipa midogo ya damu iliyomo ubongoni haifanani na ile ya viungo vingine. Seli za kuta zake zimebanana kiasi kwamba vitu vingi vilivyomo katika damu havipenyi. Baadhi ya vile vinavyofaulu kuingia hurudishwa nje na pampu ndogo zilizomo katika seli hizo.

Ukuta huo huukinga ubongo na sumu pamoja na viini vya maradhi, lakini huzuia dawa pia. Uvimbe huulegeza katika baadhi ya sehemu, ila seli za saratani zilizotawanyika pembezoni hubaki nyuma ya ukuta ulio imara.

Molekuli ya vinkristini ina uzito unaozidi mara 4 ule wa temozolomaidi, dawa iliyobuniwa maabara, ambayo hupenya ukuta huo.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2005 lilihusisha wagonjwa 573 wa glioblastoma, aina kali ya saratani ya ubongo. Nusu ya waliopewa temozolomaidi pamoja na mionzi waliishi zaidi ya miezi 14.6, ikilinganishwa na miezi 12.1 kwa waliopata mionzi peke yake.

Kutoka chai hadi sindano

Katika miaka ya 1950, watafiti nchini Kanada waliuchunguza mmea wa Madagaska kwa sababu huko Jamaika watu walikunywa chai ya majani yake kutibu kisukari. Hawakupata dawa ya kisukari. Waligundua badala yake kwamba mmea huo hupunguza chembe nyeupe za damu, na hapo ndipo ilipofunguka njia ya kutibu saratani za damu.

Kwa uvimbe wa ubongo, vinkristini huchanganywa na dawa nyingine 2, prokabazini na lomustini. Matokeo ya utafiti wa Marekani yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba, miongoni mwa wagonjwa wa oligodendroglioma yenye kasoro maalumu ya vinasaba, nusu ya waliopewa mchanganyiko huo pamoja na mionzi waliishi zaidi ya miaka 14.7. Kwa waliopata mionzi pekee, muda huo ulikuwa miaka 7.3.

Hata hivyo, haijulikani ni kiasi gani cha mafanikio hayo kilitokana na vinkristini. Dawa hiyo huweza kuharibu neva za mikono na miguu, na husababisha kifo iwapo itadungwa kimakosa katika maji ya uti wa mgongo.

Ubani na bangi

Ubani, unaojulikana sana katika nyumba za Waswahili na wakazi wa Oman, nao umefanyiwa utafiti. Mwaka 2011, watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 44 waliokuwa wakitibiwa kwa mionzi. Baadhi walipewa miligramu 4,200 kwa siku za dawa ya ubani wa Kihindi, ambao ni jamii tofauti na ule wa Dhofar.

Maji yanayojaa kuuzunguka uvimbe yalipungua kwa zaidi ya robo tatu kwa asilimia 60 ya waliotumia dawa hiyo, na kwa asilimia 26 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hiyo ni nafuu muhimu, lakini si sawa na kuua saratani, na haipatikani kwa kufukiza chetezo.

Dawa iliyotengenezwa kutokana na bangi nayo ilijaribiwa pamoja na temozolomaidi. Katika matokeo ya mwaka 2021, asilimia 83 ya waliopewa walikuwa hai baada ya mwaka 1, dhidi ya asilimia 44 ya wengine. Lakini wagonjwa waliolinganishwa walikuwa 21 tu, na ndiyo maana jaribio kubwa zaidi lilianzishwa nchini Uingereza mwaka 2023.

Hatari ya kuchanganya

Dawa za mimea zinaweza pia kudhoofisha tiba ya hospitali. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba haiperikamu, mmea unaotumiwa Ulaya dhidi ya sonona, ulipunguza kwa asilimia 42 nguvu ya irinotekani iliyomo mwilini. Irinotekani yenyewe ni dawa ya saratani iliyotokana na mti wa China.

Kwa sababu hiyo, madaktari huwataka wagonjwa wataje kila mzizi, kidonge au chai wanayotumia kabla ya matibabu kuanza, wala wasiache mionzi au upasuaji kwa kutegemea mmea ambao haujathibitishwa kwamba huvuka ukuta wa ubongo.