Mgonjwa Aliyenyamaza Kazini

Wahamiaji wengi wanaoishi Shively, pembeni mwa Louisville, wameshaambiwa kwamba Kentucky mwajiri humwachisha mtu kazi wakati wowote, bila kutoa sababu. Ni kweli, ila ni nusu ya habari. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu inamkataza mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kumfukuza mtu kwa sababu ya ulemavu. Tangu marekebisho ya 2008, hata maradhi yanayopoa na kuamka, kama kifafa, huhesabiwa iwapo humlemaza mtu kwa kiasi kikubwa yanapoamka. Marekebisho hayo yana mizizi papo hapo Kentucky. Ella Williams, wa kiwanda cha Toyota mjini Georgetown, aliumia mikono, kisha akapangiwa kupaka na kupangusa mafuta kwenye bodi za magari, mikono ikiwa juu usawa wa mabega kwa saa kadhaa mfululizo. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Marekani iliweka kipimo kigumu mno cha ulemavu katika kesi yake, na miaka sita baadaye Bunge likakifuta.

Barua iliyomwachisha Williams kazi, Januari 1997, ilitaja mahudhurio mabaya. Hapo ndipo wengi hunaswa: rejista huonyesha siku ulizokosa, haionyeshi sukari iliyoshuka usiku. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kazini humuumbua barua ya kufukuzwa. Wapo watakaosema kutaja ugonjwa ni kujianika. Hofu hiyo ina msingi, lakini sheria inataka taarifa za tiba zitunzwe kwa siri, katika faili la peke yake, na huna haja ya kuwasimulia wenzako. Mwajiri asiyeambiwa, kwa kawaida, hadaiwi kitu. Wala akiambiwa halazimiki kukuondolea kiini cha kazi au kuvumilia utoro usio na mwisho. Kwa utoro ipo sheria ya Marekani ya 1993: wiki 12 za likizo bila malipo kwa mwaka, zinazoweza kumegwa siku moja moja, kwa aliyefanya kazi miezi 12 na saa 1,250 kwa mwajiri mwenye watu 50 au zaidi. Anayeanza kazi hana likizo hiyo, basi aombe unafuu wa kurekebishiwa kazi kwa sheria ya 1990, tena kwa maandishi, abaki na nakala. Ukiachishwa, malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Kentucky hupokelewa ndani ya siku 180 tu.