RUZUKU YA MBOLEA: NI NANI AIPATAYE?

Ruzuku ni sehemu ya bei ambayo Serikali humlipia mkulima. Mfuko wa mbolea ni ule ule na gharama yake ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba walipaji wamekuwa wawili. Kwa hiyo, kila inapotajwa ruzuku, yafaa kuuliza fedha hiyo imemfikia nani.

Wilaya ya Hanang inalo funzo la zamani katika jambo hili. Kuanzia miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), kwa msaada wa Kanada, liliendesha mashamba makubwa 7 ya ngano katika nyanda za Basotu. Matrekta, mashine za kuvunia na wataalamu waliletwa, na ngano ikapatikana. Lakini msaada huo ulipitia mashamba ya shirika, nao wafugaji wa Kibarbaig wakapoteza malisho yao.

Mwaka 2008 Serikali ilianzisha mpango wa kitaifa wa vocha, uliodumu hadi msimu wa 2013/14. Huu ulikusudiwa mkulima mdogo. Kaya iliyolima mahindi au mpunga, eneo lisilozidi hekta 1, ilistahili vocha za mbolea na mbegu bora. Mbolea ya kupandia ilikuwa DAP au fosfeti ya Minjingu, ichimbwayo wilayani Babati. Serikali ililipa nusu ya bei, mkulima nusu. Kaya zinazoongozwa na wanawake zilipaswa kutangulizwa, na majina yaliteuliwa na kamati ya kijiji.

Masharti yalikuwa mema. Udhaifu ulikuwa katika orodha. Utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa asilimia 60 hivi ya vocha ziliingia katika kaya za viongozi wa vijiji waliochaguliwa. Tena, mjane aliyepata vocha bila kuwa na fedha ya nusu ya pili alibaki na karatasi mkononi na shamba lisilo na mbolea.

Utaratibu ulioanza msimu wa 2022/23 ni tofauti. Mkulima huandikishwa kijijini pamoja na ukubwa wa shamba lake, hupewa namba, na hununua kwa wakala kwa bei iliyopunguzwa. Msimu huo mfuko wa DAP wa kilo 50, ambao bei yake ilikuwa shilingi 131,000 hivi, uliuzwa shilingi 70,000. Ruzuku ilikuwa kama shilingi 61,000 kwa mfuko.

Hapo wanachama wafanye hesabu. Aliyenunua mfuko 1 msimu huo alipata ruzuku ya shilingi 61,000. Aliyenunua mifuko 20 alipata shilingi 1,220,000. Asiyekuwa na shilingi 70,000 hakupata hata senti. Ruzuku ya namna hii hufuata mfuko, na mfuko humfuata mwenye fedha na mwenye jina katika daftari.

Kwa sababu hiyo makatibu wa vyama wanakumbushwa mambo manne. Kwanza, wahakikishe kila mwanachama ameandikishwa, wakiwamo wajane na wanaolima mashamba ya kukodi, ili shamba moja lisiandikwe kwa jina la mwenye ardhi huku mlimaji akiachwa. Pili, ekari ziandikwe kama zilivyo. Anayeongeza ekari za uongo anajichotea fedha ya umma isiyo haki yake. Tatu, namba ni ya mkulima mwenyewe, wala haiazimwi kwa mfanyabiashara. Nne, wakati wa kuuza mavuno, chama kiwasaidie wanachama kuweka akiba ya mbolea, kwa kuwa fedha ya Aprili huliwa Aprili ikiwa haikuwekwa Agosti.

Orodha na isomwe kwa sauti mkutanoni, jina kwa jina na ekari kwa ekari. Majirani wanajuana mashamba. Palipo na wasikilizaji wengi, jina lisilostahili huona haya kutajwa, na jina lililosahauliwa hupata wa kulitetea.