KUJIPIGA FOTO NDANI YA KIOO: GINSI INAVYOFANYIKA NA FAIDA YAKE



Siku hizi kila mutu mwenye simu anaweza kujipiga picha makumi kwa siku, na kesho yake anazifuta. Kwa apareyi ya filimu mambo ni ingine. Filimu ndogo ya kawaida inatoa picha 36. Ile pana ya picha za mraba inatoa 12 tu. Tena huone kitu mpaka filimu ioshwe. Kwa hiyo mutu anafikiri kwanza, kisha anabonyeza. Katika ukurasa huu tunataka kueleza njia moja ya zamani: kujipiga foto mwenyewe mbele ya kioo. Apareyi hizi zingali zinalala ndani ya masanduku ya baba zetu na babu zetu, na filimu ingali inatengenezwa huko Ulaya na Marekani, hata kama bei imepanda.

1. KIOO KINAFANYA NINI?

Wengi wanasema kioo kinageuza kuume na kushoto. Si hivyo kabisa. Simama mbele ya kioo cha kabati, nyoosha kidole upande wa dirisha. Yule wa ndani ya kioo naye ananyoosha kidole ku dirisha lile lile. Nyoosha juu: naye juu. Sasa nyoosha kidole kwa kioo chenyewe: yeye anakuonyesha wewe! Basi, kinachogeuzwa ni mbele na nyuma. Sisi wenyewe njo tunawaza kama vile yule mutu amezunguka na kutuelekea, na kwa hiyo tunaona saa ya mukono wa kushoto imehamia kuume.

Maandishi nayo yanatoka kinyume. Ile njo sababu motokari nyingi za wagonjwa zinaandikwa AMBULANCE kinyume pa mbele, ili dereva anayetangulia aisome vizuri ndani ya kioo chake kidogo.

Kuna jambo lingine. Upande mumoja wa uso haufanane sawasawa na upande wa pili, na uso wetu tunaujua kwa kioo. Foto ya studio ikifika, mutu anasema: « Huyu si miye! » Rafiki zake wanacheka, wanamwambia ni yeye mutupu. Wao wanamuona kila siku bila kugeuzwa. Foto ya kioo inafanya kinyume: wewe unajitambua, rafiki njo anashangaa. Anayetaka kusahihisha anageuza negatifu ndani ya chumba cha giza, upande unaongaa uangalie chini, kisha anachapa. Hapo maandishi yanasomeka.

2. MAMBO MATATU YA KUANGALIA

a) Urefu. Hapa njo wengi wanapoteza filimu. Ukisimama metre 1.5 mbele ya kioo, sura yako haiko juu ya kioo. Iko kama metre 1.5 nyuma yake. Kwa hiyo apareyi lazima iwekwe ku metre 3, ni kusema urefu mara mbili. Ukiiweka ku 1.5, utapata foto safi ya mavumbi na alama za vidole vya kioo, na uso wako utakuwa ukungu. Kwa kinyozi, penye vioo viwili vinaangaliana, sura yako inarudiliwa mara nyingi, na kila moja iko mbali zaidi. Hazitatoka zote safi, chagua moja.

b) Mwanga. Usielekeze flashi moja kwa moja ku kioo, juu mwanga unarudi na kula uso. Mwanga wa dirisha ni bora, kama unaangukia uso wako na hauingii moja kwa moja ku kioo. Kwa filimu ya 400, karibu na dirisha, jaribu 1/60 ya segonda na tundu 2.8 ao 4. Mwendo wa pole kuliko ule unaonyesha mutetemeko wa mikono. Basi egemeza apareyi ku kiti ao meza.

c) Uso. Apareyi nyingi zinashikwa ku jicho, na zinaficha nusu ya uso. Ile ya Rolleiflex, iliyotoka mwaka 1929, inashikwa pa kifua na kuangaliwa kwa juu, na uso unabaki wazi. Kwa zingine, pima kwanza ukiangalia ndani, kisha shusha apareyi mpaka kidevu bila kubadili urefu, ndipo ubonyeze.

3. WENYE WALIFANYA KAZI HII

Mwaka 1931, kule Paris, Ilse Bing alijipiga kwa Leica na vioo viwili: foto moja inamuonyesha pa mbele na tena kwa upande. Huko Chicago, Vivian Maier (1926-2009) alikuwa yaya wa kulea watoto. Alijipiga ndani ya vioo vya magazini, vya motokari, hata vivuli vyake. Aliacha negatifu zaidi ya 100,000, na filimu nyingi hakuziosha hata siku moja. Dunia ilianza kumujua kisha masanduku yake kuuzishwa mu mwaka 2007.

Hapa jirani kuna Samuel Fosso. Mwaka 1975, akiwa na miaka 13, alifungua studio yake kule Bangui, ngambo ya muto Ubangi. Muchana alipiga wateja. Mangaribi, picha zilizobaki mwisho wa filimu alijipiga yeye mwenyewe, ili asizipoteze na ili amutumie nkambo yake kule Nigeria aone ya kwamba mutoto ni mzima. Yeye hakuhitaji kioo, lakini kazi ni ndugu moja: mutu anachagua mwenyewe nguo, namna ya kusimama na wakati. Mwaka 1994 picha zake zilionyeshwa Bamako. Mwaka 2014, wakati wa vita, nyumba yake ya Bangui iliporwa na negatifu zikatupwa nje. Watu wa habari walisaidia kuokoa sehemu kubwa.

4. SABABU GANI TUJISUMBUE?

Hapa kwetu Lubumbashi kuna jibu. Sammy Baloji, aliyezaliwa mu muji huu mwaka 1978, alichukua foto za zamani za wakati wa wakoloni, akakata watu waliomo, akawaweka juu ya foto mupya za viwanda vya Gécamines vilivyochakaa. Kazi ile inaitwa « Mémoire » (2006). Tunaona humo wafanyakazi wamesimama mustari. Hawakuchagua namna ya kusimama, wala nani atawaangalia. Tunajua mashimo waliyochimba na shaba waliyotoa, lakini mutu akiuliza: « Huyu wa pili ni nani? », foto haijibu.

Anayejipiga ndani ya kioo anachukua nafasi zote mbili: ya mwenye kupiga na ya mwenye kupigwa. Hakuna wa kumwambia: inua kichwa, cheka. Na apareyi ikionekana mikononi mwake, kila mutu anajua nani aliyeamua.

Basi, yeyote wa hapa Bel-Air atakayejaribu, afanye na haya mawili ya mwisho. Negatifu aziweke ndani ya bahasha kavu, mbali na joto na mvua. Na nyuma ya kila foto aandike kwa kalamu ya mukaa: jina, mahali, mwaka. Wajukuu wetu wasije wakauliza tunayouliza sisi leo.