Mwizi au mlinzi? Kazi ya kutafuta mianya katika tovuti

Tuseme umeketi mbele ya kompyuta ukitazama taarifa ya karo yako katika tovuti ya chuo. Katika anwani iliyo juu ya ukurasa, unaona tarakimu ambazo ni nambari yako ya usajili. Kwa udadisi tu, unabadilisha tarakimu ya mwisho kutoka 4 hadi 5. Ghafla unaona jina la mwanafunzi mwingine, nambari yake ya simu na deni lake la karo. Je, utafanya nini?

Hayo ndiyo yaliyomfika mpwa wangu mwaka 2023. Jioni moja nilipowatembelea, alinipokea mlangoni macho yakimng'aa. "Mjomba, nimeingia ndani ya tovuti ya chuo!" Mamake, aliyekuwa jikoni akikata sukuma wiki, aliweka kisu chini. "Wewe mtoto, unataka kufungwa?"

Kila mmoja wao alikuwa na ukweli wake. Kijana alikuwa amegundua dosari halisi ambayo wataalamu hulipwa kuitafuta. Mama naye alikuwa ameona mlango wa gereza. Makala haya ni yako wewe mwanafunzi mwenye udadisi kama huo. Ni yako pia mzazi unayemwona mwanao akikesha mbele ya kompyuta usijue kama anajifunza ufundi au wizi.

Kazi yenyewe ni ipi?

Kila unapobonyeza kitufe katika tovuti, kivinjari chako hutuma ombi kwa seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti hiyo, nayo seva hujibu. Mkaguzi wa usalama hulisimamisha ombi hilo njiani, akalifungua kama bahasha, akabadilisha neno moja au nambari moja, kisha akaliacha liendelee na safari. Jibu linaporudi, hujua kama seva ni bawabu makini au ni yule askari wa geti anayempisha kila aliyevaa tai.

Shirika la OWASP, lililoanzishwa mwaka 2001, hutoa orodha ya hatari kumi kuu zinazokabili programu za tovuti. Katika toleo la mwaka 2021, hatari iliyoshika nafasi ya kwanza ni ile ya tovuti kushindwa kudhibiti nani aone nini. Hiyo ndiyo aliyokutana nayo mpwa wangu. Usidhani ni ugonjwa wa vyuo vidogo. Mwaka 2019 ilibainika kuwa kampuni kubwa ya Marekani, First American, iliacha wazi takriban nyaraka milioni 885 za wanunuzi wa nyumba. Aliyekuwa na anwani ya waraka mmoja aliweza kufungua mwingine kwa kubadilisha tarakimu tu.

Dosari nyingine ni ya kupenyeza amri. Mahali palipotengwa kwa jina lako, mtu mjanja huandika amri za lugha ya SQL. Hifadhidata isiyojua kutofautisha jina na amri hutii, ikamwaga siri za wateja wote. Mbinu hii ilielezwa hadharani tangu mwaka 1998, na hadi leo ingali inawanasa watengenezaji wazembe. Kuna pia dosari ya kupachika msimbo katika ukurasa, ili kila anayeutazama ukurasa huo aendeshe amri za mtu mwingine bila kujua.

Vijana wawili, njia mbili

Hebu tuwalinganishe vijana wawili. Wa kwanza ni Samy Kamkar wa Marekani. Mnamo Oktoba 2005, akiwa na umri wa miaka 19, alipachika msimbo katika ukurasa wake wa MySpace. Kila aliyeutazama alimwongeza Samy kuwa rafiki yake, na ukurasa wa mtu huyo nao ukaanza kuwaambukiza wengine. Katika muda usiofika saa 20, zaidi ya kurasa milioni moja zilikuwa zimeambukizwa. Hakuiba hata senti, ulikuwa mzaha. Hata hivyo, polisi walibisha hodi, na mwaka 2007 alikiri kosa na kupewa kifungo cha nje cha miaka mitatu pamoja na huduma kwa jamii.

Wa pili ni Santiago Lopez wa Argentina. Naye alijifunza mwenyewe kupitia mtandao. Mwaka 2015 alijisajili na HackerOne, kampuni inayowaunganisha watafutaji dosari na mashirika yanayotaka kukaguliwa. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 19 vilevile, alitangazwa kuwa wa kwanza kupitisha zawadi za dola milioni moja katika kampuni hiyo.

Umri mmoja, ufundi wa aina moja, hatima mbili. Tofauti yao, msomaji, ni kupiga hodi. Lopez alikuwa ameruhusiwa na wenye nyumba, Kamkar hakuwa.

Hapa kwetu sheria haina mzaha. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inasema kuwa anayeingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh5 milioni, kufungwa kwa muda usiozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kusema "nilikuwa najaribu tu" si idhini. Idhini ni maandishi yanayotaja tovuti gani, lini, na mipaka ni ipi.

Utaanzia wapi?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anza kwa kuelewa jinsi tovuti inavyotengenezwa, maana huwezi kukagua nyumba usiyojua ilivyojengwa. Jifunze HTML, JavaScript kiasi, SQL, na lugha moja ya kuandikia programu kama vile Python. Tengeneza tovuti yako ndogo, hata kama ni ya duka la jirani, kisha jiulize mwizi angeingilia wapi.

Hatua ya pili ni zana. Burp Suite ina toleo la bure, na ZAP ni ya bure kabisa. Zote mbili hukuwezesha kusimamisha maombi njiani kama nilivyoeleza. Mafunzo ya Web Security Academy, yaliyoanzishwa mwaka 2019 na watengenezaji wa Burp, hayalipishwi, na yana mazoezi unayoruhusiwa kuyavamia upendavyo. Kadhalika, kuna Juice Shop ya OWASP, duka bandia la maji ya matunda lililojazwa dosari makusudi. Ukiiweka katika kompyuta yako mwenyewe, hakuna wa kukushtaki.

Hatua ya tatu huwashinda wengi, nayo ni kuandika. Ripoti ndiyo bidhaa unayouza. Eleza dosari iko wapi, hatua za kuirudia moja baada ya nyingine, madhara yake kwa mwenye tovuti na dawa yake. Meneja asiyejua kompyuta aisome aelewe. Kwa hivyo, wewe uliyedhani insha za shuleni ni za kupoteza wakati, umekosea!

Ajira zipo katika mabenki, kampuni za simu, kampuni za ukaguzi wa hesabu na zile zinazotengeneza programu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalitaka shirika lililovujisha habari za watu, pale panapokuwa na hatari ya kweli ya madhara, kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72. Aibu hiyo hakuna mkurugenzi anayeitamani. Hata hivyo, usitarajie kuanza kama mkaguzi siku ya kwanza. Wengi huingilia kupitia dawati la usaidizi wa kompyuta au uandishi wa programu. Kuhusu zawadi za kutafuta dosari, usiache masomo kwa sababu ya Lopez mmoja. Wengi hukesha miezi bila kupata chochote, au hukuta wenzao wamewatangulia.

Vyeti kama OSCP vinaheshimika, lakini ni ghali. Mzazi, usikimbilie kukopa pesa za cheti kabla mwanao hajamaliza mafunzo ya bure. Muulize swali moja kila unapomwona akikesha: "Nani amekuruhusu?" Kama hana jibu, zungumza naye leo. Udongo uuwahi ungali maji.

Mpwa wangu je? Tulimketisha mimi na mamake. Hakuwa amefungua ukurasa wa pili, wala kunakili chochote, wala kuwaonyesha wenzake. Nilimweleza kwamba hata huo mmoja ungeweza kumponza. Tukaandika barua fupi ya heshima kwa idara ya kompyuta chuoni, akaeleza alivyoiona dosari na kwamba aliacha papo hapo. Zilipita wiki mbili za wasiwasi, mamake akishtuka kila simu ilipolia. Hakuna jibu lililokuja, hata la asante. Lakini siku moja aliingia kutazama karo yake, akaona zile tarakimu zimeondolewa katika anwani.

Siku hizi hukesha katika duka lake bandia la maji ya matunda. Mamake humpelekea chai, akachungulia kioo na kuuliza, "Hapo umeruhusiwa?"

"Hapa ni kwangu, Mama," hujibu.